Mtwara kwa Songea, kwa Rula

Ramani ya ofisini ilibandikwa kabla sijaajiriwa,
kona moja imeliwa na mende.
Nikiweka rula Mtwara, ncha yake Songea,
mstari haupandi wala haushuki:
magharibi tu, kama uzi wa fundi mwashi.
Kilomita mia tano, pungufu au zaidi kidogo.
Ndege ndogo, saa mbili. Ya pangaboi, saa moja na robo.
Ndivyo ninavyowajibu wanaouliza dirishani,
kisha naongeza, kabla hawajafurahi:
hiyo ndege haipo.
Ukitaka Songea, panda kwanza hadi Dar,
ulale huko, ndipo ugeuze tena kusini,
yaani utoke sebuleni kwenda jikoni
kwa kupitia nyumba ya jirani.

Mimi ni mpima hewa. Miaka kumi na minane
natoka kila saa na daftari hadi kwenye uzio mweupe,
nasoma joto, nasoma unyevu,
namwaga mvua ya jana kwenye kopo la shaba.
Saa sita mchana simu ya Songea inalia.
"Mbawala hapa. Nipe yako."
Nampa: upepo wa mashariki, noti ishirini.
"Noti ishirini, na tiketi hazinunui," alisema siku moja,
na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka.
Naye hunipa Juni yake, nyuzi tisa alfajiri,
huku mimi shati limegandamana na kiti.

Ni yeye aliyenifundisha hesabu nyingine.
"Chilumba, lile wingu ulilonitajia jana
limenifikia usiku wa manane, limenyeshea mahindi yangu.
Saa kumi na nne. Na halikupitia Dar."

Basi likivuka wingu zito juu ya njia ya kurukia,
likielekea mikorosho ya Naliendele na kuendelea,
nilikuwa naandika saa yake kwa penseli, pembeni,
mahali ambapo mkaguzi hatazami.
Mengi yalifia Tunduru.
Mengine yalifika yamekonda, hayana kitu mkononi.
Na mengine, nadhani, hakuyasema,
maana watu wa hali ya hewa tuna mipaka ya kusema.

Mwaka huu amestaafu.
Sasa hupiga kijana. Anasoma vizuri. Hakosei.
Mimi nikaomba likizo ya siku nne,
nikafunga korosho kilo tatu, za kubangua mwenyewe,
nikapanda basi la alfajiri.

Rula haijui mizani.
Haijui dereva anayeshuka kuchagua mchele Tunduru,
punje kwa punje kama mahari,
wala tairi lililopasuka mbele ya Namtumbo
tukakaa ukingoni, abiria arobaini na kuku wawili.
Saa kumi na sita.
Wingu lingetupita, likatupungia.

Osmunda Mbawala alinipokea getini.
Nilikuwa nimempa urefu ambao hakuwa nao.
Sweta ya kijani, ndala, funguo shingoni.
"Wewe ndiye Chilumba?"
"Ndimi."
Akapokea korosho, akazipima kwa mkono,
akaniketisha barazani, akaleta kahawa.
Kisha tukanyamaza.
Miaka kumi na minane tumezungumza kila siku,
na maneno yetu yote yalikuwa tarakimu.
Nikauliza watoto. Wazima.
Akauliza barabara. Nzuri.
Mjukuu alituchungulia mlangoni, akaona hakuna la kuona.

Kahawa ikapoa.
Akainua uso, akatazama juu ya paa la jirani.
"Sita kati ya nane," akasema, taratibu.
Nikatazama.
"Saba. Hujahesabu lile nyuma ya mnara."
"Lile ni moshi."
"Moshi gani una kitako bapa?"
"Subiri," akasema, akasimama upesi kuliko umri wake,
akaingia ndani kutafuta miwani.